Kinywa Hupokea Kwanza, Huambiwa Mwisho: Historia Fupi ya Vepu na Meno ya Vijana Wetu

Mazungumzo ya 12

   Sogea karibu na redio, na kama kuna kijana nyumbani, mwombe aketi nawe.

Leo tuanzie kwenye karai la nguo. Hebu fikiria ni Jumamosi asubuhi. Mwanao amerudi kutoka chuoni na umeamua kumfulia suruali yake. Kabla ya kuiloweka unapekua mifuko, kama ilivyo desturi yetu, usije ukaloweka noti ya shilingi mia mbili. Mkono wako unatoa kitu kidogo cha rangi ya kupendeza, kirefu kama kidole. Kinafanana na flashi ya kompyuta, tena kinanukia maembe. Unamwita. Anacheka. "Mama, hiyo ni vepu tu. Si sigara. Ni mvuke na ladha."

Mama, usimpige kofi. Pengine hakudanganyi. Pengine anaamini hivyo kwa moyo wake wote, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Wala yeye si wa kwanza kuambiwa hivyo. Ukitaka kumjibu vizuri, ni lazima ujue maneno hayo yalitoka wapi. Kwa hiyo leo nitakupa historia kidogo, kisha tutarudi kwenye karai letu.

Tumbaku ilikuja kama dawa

Tumbaku ni mmea wa bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliutumia miaka mingi kabla mabaharia wa Kolambasi hawajawaona wakivuta majani yake mwaka 1492. Ulipofika Ulaya haukupokelewa kama sumu. Ulipokelewa kama dawa. Mwaka 1560 hivi, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, Jean Nicot, alipeleka tumbaku kwa jamaa ya mfalme wake akiisifu kuwa ni tiba. Jina lake ndilo lililozaa neno nikotini, ile kemikali inayomfanya mtu ashindwe kuacha tumbaku. Kemikali hiyo ilitenganishwa na jani kwa mara ya kwanza huko Ujerumani mwaka 1828.

Katika miaka hiyo ya kwanza, mojawapo ya maradhi ambayo tumbaku ilisemekana kuyatibu yalikuwa maumivu ya jino. Ajabu, sivyo? Imani hiyo haikufa upesi. Nchini India, tumbaku ilitiwa katika unga na dawa za kupigia mswaki kwa muda mrefu sana, hata serikali ikalazimika kupiga marufuku jambo hilo mwaka 1992. Watu walikuwa wakisugua meno yao kwa kitu kinachoyaangamiza, wakidhani wanayasafisha.

Hata sisi huku hatukuachwa nyuma. Sote tunawajua wazee wa ugoro, na kule Pwani kuna tambuu ambayo wengine huichanganya na tumbaku. Ukimtazama mtumiaji wa miaka mingi anapocheka, utaona kinywa kimeandika historia yake chenyewe.

Wapo waliotilia shaka mapema. Mfalme James wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuishutumu tumbaku mwaka 1604. Lakini mauzo hayakukoma.

Moshi ukishtakiwa, hubadilisha nguo

Sasa tega sikio, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kila mara watu walipoanza kuushuku moshi, ulirudi ukiwa umevaa nguo mpya, na kila nguo ilikuwa safi kuliko ya jana.

Koo linawasha? Mwaka 1925 Mmarekani mmoja alipata hataza ya sigara yenye mentholi, ile ladha baridi kama ya peremende. Una wasiwasi? Mwaka 1946 kampuni moja ya Marekani ilianza kutangaza kwamba madaktari wengi zaidi huvuta sigara yake. Mwaka 1950 wachunguzi wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 matangazo ya sigara zenye kichujio yakajaa kila mahali. Baadaye zikaja zile zilizoitwa nyepesi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tarehe 11 Januari 1964, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti iliyoishtaki sigara waziwazi kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Dunia ikasikia habari ya mapafu. Lakini je, kinywa?

Madaktari wa meno walikuwa wameona. Mwaka 1947 daktari wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha uchunguzi uliounganisha tumbaku na ugonjwa wa fizi. Hata hivyo, ilichukua hadi mwaka 2004 kwa ripoti ya daktari mkuu wa Marekani kutamka rasmi kwamba uvutaji wa sigara husababisha ugonjwa wa fizi unaokula mfupa unaoshika meno. Hesabu mwenyewe, mama. Kutoka 1964 hadi 2004 ni miaka 40. Kinywa ndicho mlango. Ndicho kinachopokea moshi kabla ya pafu. Lakini ndicho kilichotajwa mwisho.

Kumbuka jambo hilo. Kinywa hupokea kwanza, huambiwa mwisho.

Mfamasia wa China

Je, vepu yenyewe ilianza lini? Wazo si la jana. Mwaka 1963 Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na tumbaku wala moto, ambayo ingepasha joto hewa yenye unyevu na ladha. Alipewa hataza mwaka 1965, lakini chombo chake hakikupata soko.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2003, mfamasia wa China aitwaye Hon Lik alitengeneza sigara ya kielektroniki. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake, mvutaji pia, alifariki kwa saratani ya mapafu. Kwa hiyo tusimwonee. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtu mzima aliyekwisha kufungwa na sigara apate njia ya kujifungua. Chombo hicho kiliuzwa kwanza China mwaka 2004, kisha kikavuka kwenda Ulaya na Marekani mwaka 2006 na 2007.

Nacho hufanya kazi hivi. Ndani kuna betri ndogo, waya unaopata moto, utambi, na kimiminika. Kijana akivuta, waya hupata moto na kimiminika hugeuka wingu. Watu huliita mvuke, lakini si mvuke wa sufuria ya ugali. Kimiminika hicho kwa kawaida kina propilini glikoli, gliserini, ladha za viwandani, na mara nyingi nikotini. Gliserini unaifahamu, mama. Ndiyo tunayojipaka ngozi ikikauka. Unajua inavyonata. Sasa ifikirie ikiwa imetiwa ladha tamu na kutandazwa juu ya meno mara mia kwa siku.

Tuwe wakweli kwa pande zote. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la Uingereza lilisema vepu ina madhara machache mno kuliko sigara, na madaktari wa huko huitumia kumsaidia mvutaji kuacha. Lakini huyo ni mtu mzima anayetoka kwenye moto mkubwa kuelekea mdogo. Mwanao hakuwa kwenye moto wowote. Yeye anatoka kwenye hewa safi. Tena ni Uingereza hiyohiyo iliyopiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia na kutupa kuanzia Juni 2025, kwa sababu ya takataka zake na kwa sababu vijana walizipenda mno.

Vepu yaingia darasani

Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha za matunda na peremende, isipokuwa mentholi, kwa kuwa ziliwavuta watoto. Basi ladha zikahamia kwenye vepu. Mwaka 2015 ilizinduliwa huko aina iitwayo Juul, ndogo kama flashi, yenye chumvi ya nikotini. Nikotini ya aina hiyo haikwaruzi koo, kwa hiyo hata asiyewahi kuvuta huimeza bila kukohoa. Kampuni yenyewe ilisema kifuko kimoja cha kimiminika chake kilikuwa na nikotini karibu sawa na pakiti nzima ya sigara.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 2017 wanafunzi wa sekondari wa Marekani waliotumia vepu walikuwa asilimia 11.7. Mwaka 2018 walikuwa asilimia 20.8, na mwaka 2019 wakafika asilimia 27.5. Mnamo Desemba 2018 daktari mkuu wa nchi hiyo aliita hali hiyo janga.

Lakini takwimu iliyonigusa zaidi ni nyingine. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018, vijana wa miaka 15 hadi 24 waliotumia aina hiyo waliulizwa kama ina nikotini kila wakati. Asilimia 63 hawakujua. Msikilizaji, hao si watu waliosikia habari zake barabarani. Hao ndio waliokuwa wakiivuta, na zaidi ya nusu yao hawakujua walichokuwa wakivuta.

Mwaka 2019 Wamarekani wengi, hasa vijana, walilazwa wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020 wagonjwa walikuwa 2,807 na waliofariki 68. Wengi wao walikuwa wametumia vepu zenye dawa ya bangi zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E. Habari hizo zilienea dunia nzima, na vijana wakapata somo: vepu na mapafu. Historia ikajirudia. Pafu likasikika, kinywa kikanyamaza.

Kinywa chaanza kusema

Baada ya 2019 watumiaji wa umri wa shule walipungua Marekani, na mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8 ya wanafunzi wa sekondari. Hii yaonyesha kwamba kijana akielezwa na sheria ikisimama, mambo hubadilika. Wakati huohuo wachunguzi wa kinywa nao wakaanza kuleta majibu.

Mwaka 2018 wachunguzi waliweka meno katika maabara na kuyapitishia wingu la vepu lenye ladha tamu. Vijidudu vinavyooza meno vilinata mara 4 zaidi. Ugumu wa gamba la nje la jino ulipungua kwa asilimia 27 ukilinganisha na wingu lisilo na ladha.

Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwapima watu 123 ambao fizi zao hazikuwa na ugonjwa. Waliotumia vepu walikuwa na mkusanyiko wa vijidudu unaofanana na wa watu wenye ugonjwa wa fizi, hata wale waliotumia kwa miezi michache tu, takribani minne. Mwaka huohuo wachunguzi wa New York waliwalinganisha watu 119. Ugonjwa wa fizi ulipatikana kwa asilimia 72.5 ya wavutaji wa sigara, asilimia 42.5 ya watumiaji wa vepu, na asilimia 28.2 ya wasiotumia chochote. Itazame hesabu hiyo kwa makini. Vepu ni afadhali kuliko sigara, lakini iko mbali na hewa safi.

Mwaka 2022 madaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Tufts walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 13,000. Waliosema wanatumia vepu walikuwa wachache, lakini asilimia 79 kati yao walikuwa katika hatari kubwa ya meno kuoza, wakati wasiotumia walikuwa asilimia 60 hivi. Uchunguzi mmoja hautoshi kufunga kesi, lakini zote hizi zinaelekeza kidole mahali pamoja.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni mate. Mate si uchafu. Ni askari wa kinywa. Huosha vyakula, hupunguza ukali wa asidi na kulinda jino. Vepu hukausha kinywa, na kijana akikaukiwa hukimbilia soda, akaongeza sukari juu ya moto. Sababu ya pili ni ule utamu unaonata. Sababu ya tatu ni nikotini, nayo ndiyo ya ujanja zaidi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi mgonjwa kwa kawaida hutoa damu wakati wa kupiga mswaki, na damu hiyo ni king'ora. Kwa mtu anayetumia nikotini, damu inaweza kuwa kidogo au isitoke kabisa. Yeye hudhani fizi zake ni nzima, kumbe king'ora kimezimwa na mwizi yumo ndani. Akija kushtuka, jino linatikisika akiwa bado kijana.

Halafu kuna betri. Mwaka 2018, katika jimbo la Nevada, vepu ililipuka mdomoni mwa kijana wa miaka 17. Taya lake lilivunjika na meno kadhaa yakaharibika. Madaktari waliomtibu walichapisha habari hiyo mwaka 2019 ili kuwaonya wenzao. Jambo kama hilo si la kila siku, lakini lipo.

Huku kwetu Kenya

Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na mwaka 2007 tukapata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku inayokataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria hiyo iliandikwa wakati ambapo vepu ilikuwa bado ngeni hata katika nchi ilikotengenezwa.

Tulishaona wimbi kama hili. Vijana wetu walipoingia kwenye shisha walisema moshi unapita majini, kwa hiyo umeoshwa. Desemba 2017 serikali ikatangaza marufuku ya shisha. Sasa waambiwa hakuna moshi, ni mvuke. Kesho wataambiwa hakuna hata mvuke, ni kifuko kidogo cha nikotini cha kubana kati ya mdomo na ufizi. Nguo nyingine hiyo, na safari hii imeshonewa kinywani kabisa.

Tatizo si letu peke yetu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 88 hazikuwa na umri wowote wa chini wa kununua vepu, na kwamba katika kila sehemu ya dunia watoto wa miaka 13 hadi 15 huitumia kwa kiwango kinachowapita watu wazima. Sheria hutembea kwa miguu. Biashara hupanda pikipiki. Katikati yake amebaki mlezi.

Turudi kwenye karai

Basi mama, kile kitu bado kiko mkononi mwako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ufanye nini?

Kwanza, pumua. Ukianza na kelele atakificha vizuri zaidi, na mara nyingine hutakiona.

Pili, muulize kama mtu anayetaka kujua. "Mwanangu, hiki kina nini ndani? Kina nikotini? Umesoma?" Mwache ajibu. Akisema si sigara, mweleze kwamba hata wale wa 1946 waliambiwa daktari anavuta. Kijana hapendi kuhubiriwa, lakini hapendi zaidi kugundua kwamba amefanywa mjinga na mwenye duka.

Tatu, tazama kinywa. Mwulize kama kinywa hukauka usiku, kama pumzi imebadilika harufu, kama ana vidonda visivyopona, kama meno yanashtuka akinywa maji baridi, kama fizi zimerudi nyuma na meno kuonekana marefu. Usingoje damu. Nimekueleza kwa nini damu yaweza kukosekana. Kidonda cha mdomoni kikipita majuma mawili bila kupona, mpeleke hospitalini.

Nne, mpeleke kwa daktari wa meno, na amwambie ukweli. Daktari akijua kuhusu vepu atatafuta asichoweza kukiona kwa haraka. Nyumbani apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, anywe maji badala ya soda. Lakini asidanganyike kwamba mswaki utafuta vepu. Dawa ni kuacha.

Tano, kuacha si kazi ya siku moja. Nikotini hushika. Siku za kwanza atakuwa na hasira na usingizi wa shida. Usimwite mlevi. Kaa naye. Ukihitaji msaada, NACADA wana nambari ya simu ya bure, 1192.

Na kwa wale ambao watoto wao hawajaanza, samaki mkunje angali mbichi. Zungumza na mtoto wa darasa la sita leo, si siku ya kumpeleka chuoni.

Kwa miaka mia nne na zaidi moshi umekuwa ukibadilisha nguo, na kila mara kinywa kimeachwa kisemewe mwisho. Kwako nyumbani kisiwe cha mwisho. Kitazame leo jioni, mtoto anapocheka mezani.

 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mtaa wenu, vijana huipata vepu wapi, nao huiita jina gani?
2. Kwa nini ufizi usiotoa damu haumaanishi ufizi mzima?
3. Ungemjibuje kijana anayekuambia, "Ni mvuke tu"?